Tiki za Baba

Baba yangu alikuwa mwalimu, na alikuwa na ng'ombe watatu wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, na mpaka leo nashindwa kusema kazi yake hasa ilikuwa ipi. Ndugu zangu hawapendi nikizungumza hivi. Wao ni wadogo, walimkuta ameshatulia, wanamkumbuka ameketi uani na kikombe cha chai. Mimi ni kifungua mimba. Nilimwona akiwa na mbio zake, na matunda ya mbio zile niliyala mimi kwanza.

Kwetu ni kwenye matuta ya juu ya Karatina: kahawa upande huu, mto chini, shule ya baba ng'ambo. Ilikuwa shule ya umma kama nyingine za huko mwanzoni mwa miaka ya tisini, madarasa ya mbao, madirisha bila vioo, sakafu ya udongo. Kila Ijumaa watoto walikuja na maji na kinyesi cha ng'ombe, wakaipaka ile sakafu ili funza wasiwaingie miguuni. Ubao ulitiwa weusi kwa makaa ya betri kuukuu yaliyopondwa na kuchanganywa na majani. Kitabu cha somo kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimepotea. Dawati la watoto wawili lilikaliwa na wanne, na wa pembeni alijishikilia kwa tako moja.

Mimi sikusoma pale. Hapo ndipo panaponichoma. Baba alifundisha shule ile, lakini binti yake alimpeleka akademi mjini Nyeri, shule ya kulipia, ya bweni, yenye sweta nyekundu na walimu wanaokuuliza swali kisha wakangoja ujibu. Hakuwa peke yake, walimu wengi wa kwetu walifanya vivyo hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Mpishi ndiye anayejua sufuria gani imeungua. Mshahara wa mwalimu ulikuwa wa chumvi na mafuta ya taa, tena ulikuja ukipenda. Karo yangu ilitoka kwenye maziwa.

Na maziwa yalitoka kwenye nyasi. Siku hizo darasani kulikuwa na somo la Kilimo, na Kilimo cha baba kilikuwa ni kuteremka bondeni na panga, kukata nyasi za nepia, kufunga matita na kuyapandisha mpaka zizini kwetu. Usidhani watoto walilia. Walifurahi! Nje kulikuwa na jua, ndani kulikuwa na baridi na kiboko. Aliyebeba tita kubwa alisifiwa mbele ya wenzake, na mara nyingi aliyesifiwa alikuwa ni msichana mmoja, jirani yetu. Wenzake walimwita monita wa nyasi.

Huyu jirani yangu alinizidi umri kwa miaka miwili hivi, lakini tulikuwa darasa moja, la saba, kila mtu kwenye shule yake, kwa sababu yeye alikuwa amerudishwa nyuma mara kadhaa. Shamba lao na letu yalitenganishwa na ua wa michongoma wenye tundu tulilolitoboa tukiwa wadogo. Tulicheza pamoja, tuliiba maparachichi pamoja, tulipigwa pamoja. Yeye alikuwa mnyamavu. Mimi mdomo wangu haukuwahi kufungwa, na nilipoanza akademi ukazidi, kwa maana nilikuwa nimeongeza dharau.

Alikuwa na ndoto ndogo, na mimi niliicheka. Alitaka kuwa karani wa kahawa. Kwenye kiwanda chetu cha kahawa, pale wakulima wanapopeleka mavuno kupimwa, karani hukaa kivulini karibu na mizani, kalamu nyuma ya sikio, na kila mtu, hata mzee wa kanisa, anasimama mbele yake akingoja kuandikiwa kilo zake. Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye foleni ile na mama yake tangu akiwa mdogo. Alisema anataka kukaa upande ule mwingine wa mizani, basi. Nikamuuliza, karani tu? Mimi nilikuwa nikisema nitakuwa rubani.

Akianguka mtihani wa darasa la nane, mpango ulikuwa umeshapangwa. Shangazi yake alikuwa amepata kazi Timau, kwenye mashamba ya maua yaliyokuwa yameanza kule, na alikuwa amesema atamchukua. Jirani yangu aliogopa Timau kama watu wanavyoogopa hospitali. Mwenyewe alisema huko baridi inakata vidole, na ukishaingia hutoki.

Sasa ile siku. Akademi ilitufungia siku mbili za katikati ya muhula, mama alikuwa ameenda soko la Karatina, na baba hakutaka niachwe peke yangu nyumbani. Akanichukua kwenda shuleni kwake. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema akinisukuma darasani, nami nikasimama mbele na sweta yangu nyekundu huku watoto wote wa darasa la saba wakinikodolea macho. Kilikuwa kipindi cha Kiswahili. Baba alikuwa ameshatoa kitabu alipoitwa dirishani, akaambiwa ng'ombe wetu mmoja ameingia joto na gari la daktari wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za sindano linakaribia kupita barabara kuu.

Ambaye hajafuga hawezi kuelewa. Gari lile lilipita asubuhi mara moja, na ulitakiwa uwe umeshamfikisha ng'ombe wako barabarani. Ukilikosa, unangoja wiki tatu joto lirudi, na wiki tatu za ng'ombe asiye na mimba ni maziwa yanayomwagika kabla hayajatoka. Baba alitazama darasa, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Akanipa kitabu na chaki. Akaniambia niandike ubaoni methali na maana zake, wao wanakili, atakuja kusahihisha. Akatoka mbio, koti likipeperuka nyuma.

Nikaandika. Haba na haba hujaza kibaba. Maana. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Maana. Nyuma yangu kulikuwa na kimya na mikwaruzo ya kalamu. Kwetu nyumbani tulisema Kikuyu. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha sokoni na cha redio, na methali zile zilitoka mbali, kwenye bahari ambayo hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameiona. Niliandika methali kumi hivi, nikachoka, na mtoto mwenye dharau akichoka ni hatari. Nikachomeka na ya kwangu: Ng'ombe wa mwalimu ana akili kuliko darasa la saba. Maana: hakuna haja ya maelezo.

Nikageuka nikingoja kicheko. Wale wawili watatu wa mbele walitazamana wakaziba midomo. Wengine wote waliendelea kuandika. Waliinamisha vichwa, wakanyanyua macho kwenye ubao, wakainamisha tena, kama watu wanaofuma. Jirani yangu alikuwa dawati la nyuma. Alitoa rula akapiga mstari chini ya methali, kwa sababu methali ilitakiwa ipigiwe mstari. Mimi nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka. Niliporudi bwenini niliwasimulia wenzangu na tukagaragara vitandani. Ati wameandika wote! Ati na mstari wakapiga!

Jioni ya siku ileile baba alirudi na vitabu vya kuandikia vya darasa zima kwenye gunia. Ng'ombe alikuwa amepandishwa, kwa hiyo alikuwa na furaha. Akakaa mezani na kalamu nyekundu huku akisikiliza taarifa ya habari, akawa anafungua kitabu, anapiga tiki, anafunga. Anafungua, tiki, anafunga. Nilikuwa nimekaa mkabala naye nikisubiri kuchapwa. Hakuna aliyechapwa. Tiki zilikuwa kubwa na nzuri, zilianzia chini ya ukurasa zikapanda mpaka juu. Hilo pia niliwasimulia wenzangu bwenini.

Kisha ikafika likizo ya Desemba. Wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, jirani yangu alipita kwenye tundu la ua akiwa ameficha kitabu ndani ya leso. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia nikichambua maharagwe ya mama. Akasema macho yanamuuma siku hizi, je, naweza kumsomea methali zake? Insha ya mtihani inataka methali, na yeye ataingia darasa la nane sasa, anataka kuzishika zote kichwani. Akakaa karibu nami akaanza kunisaidia kuchambua ili nisione naombwa bure.

Nilikifungua kile kitabu. Haki, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kila herufi imesimama wima, kila mstari umenyooka, hakuna mahali palipofutwa. Nikaanza kusoma, naye akarudia, akaweka kidole chini ya kila mstari nilioufikia. Mara moja tu, na alikuwa ameshika. Nilianza kumwonea wivu kwa ile akili yake ya kushika. Nikafungua ukurasa mwingine, nikaiona methali yangu pale chini, imepigiwa mstari kwa rula, na tiki nyekundu ya baba imepita juu yake.

Nikairuka. Nikasoma iliyofuata kwa sauti kubwa, haraka haraka. Kidole chake hakikusogea.

"Umeruka mstari mmoja," akasema.

Nikamwambia hiyo haina maana. Akasema ameiandika, lazima ina maana. Nikasema nitaisoma baadaye. Hapo akanitazama, na nadhani aliona uso wangu, maana hakuuliza tena kwa kuomba. Aliniambia tu nisome. Nikaisoma. Nikasoma na maana yake. Nilijua wakati huohuo kwamba anajua ni nani aliyesimama ubaoni siku ile na sweta nyekundu. Nilingoja anizabe kofi. Angenizaba ningeshukuru.

Hakunizaba. Aliweka kidole kwenye ile tiki akakipitisha polepole toka chini mpaka juu.

"Na mwalimu akaweka tiki," akasema.

Kuku walikuja wakadonoa maharagwe, na hakuna aliyewafukuza. Kisha akaniambia kile alichokuwa amekificha tangu darasa la pili: kwamba hajui kusoma. Anajua kuandika chochote kilicho ubaoni, lakini kikifutwa, kwake kimekufa. Walikuwa wengi kama yeye, alisema, kule nyuma karibu wote. Mwalimu hakuwahi kuwauliza, nao hawakuwahi kumsumbua. Halafu akaniomba nimfundishe. Alitaka kusoma kwenyewe, kutoka a, e, i, na si kusomewa. Mwaka mzima ulikuwa umebaki kabla ya mtihani. Jioni kwa jioni, alisema, hapa hapa, atakuwa akinisaidia kazi zangu zote.

Nikamwambia ndiyo. Na siku zile chache tulianza, kwa kijiti kwenye vumbi, na wallahi alikuwa akishika. Siku ya tatu alisoma neno *maji* bila kusaidiwa, akacheka akaziba mdomo kama mtu aliyeiba. Lakini mimi nilikuwa naenda bwenini Jumatatu, na muhula ni miezi mitatu. Sote tulijua, hatukulitaja.

Jumamosi jioni nilimfuata baba zizini. Alikuwa akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na pembeni kulikuwa na matita ya nepia yaliyobaki. Mimi hasira zangu hutangulia maneno. Nikamwambia nilichoandika ubaoni siku ile, na kwamba alikipigia tiki, darasa zima. Kwanza alicheka. Alicheka kweli, mpaka ng'ombe akasogea. Kisha nikamwambia jirani yetu hajui kusoma, na wenzake wa nyuma hawajui, na kicheko kikaisha, lakini mikono haikuacha kukamua.

"Unadhani sijui?" akasema.

Akanieleza, bila ukali, kama mtu anayemweleza mwingine njia. Walimjia darasa la saba wakiwa hivyo, na aliyewaleta darasa la saba aliletewa hivyo. Watoto ni zaidi ya sabini, kitabu ni kimoja, chaki huivunja vipande vitatu. Mwaka wake wa kwanza kazini alijaribu kuwaketisha mmoja mmoja asomeshe kila mtu, na muhula ulipoisha hakuwa amefika dawati la nne, na mkaguzi alimwandikia kuwa yuko nyuma ya silabasi. Akifundisha wa mbele, wawili watatu watapita, na shule itakuwa na cha kuonyesha. Akifundisha wa nyuma hakuna atakayepita. Aliniuliza mimi ningefanya nini. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na bado niliona ana haja ya kujibiwa.

Nikamwambia asingeenda kwenye gari la ng'ombe. Hapo akanyanyua kichwa. Akaonyesha yale matita kwa kidevu.

"Hizo nyasi ndizo zinakusomesha. Ulijua."

Nilijua. Nilikuwa nimejua siku zote, kama mtu anavyojua njia ya chooni. Lakini kusemwa ni kitu kingine. Nikalia, na kwa hasira nikamwambia basi anitoe akademi, sitaki karo ya nyasi, nitasoma shule yake na watoto wake. Nilitegemea atanifokea. Mama, aliyekuwa akija na ndoo, alisimama mlangoni. Baba alifuta mikono kwenye suruali akanitazama vizuri, na sikumwona uso ule tena maisha yangu yote. Ulikuwa uso wa mtu anayetamani.

"Sawa," akasema. "Jumatatu usivae hiyo sweta. Uje, ukae nyuma nao. Jioni msomeshe huyo mwenzako, na mimi nitasoma na nyinyi. Tutauza ng'ombe mmoja."

Jumapili nzima nilizunguka nyumba kama mwenye homa. Kanisani jirani yangu alikaa mbele yangu, na utosini mwake kulikuwa na alama ya ule mkanda wa kubebea matita, ule unaopita kichwani. Nilipanga maneno ya kumwambia tukitoka: nabaki. Hatukutoka pamoja. Niliiambia miguu yangu iende polepole. Nilifikiria ile sakafu ya kinyesi, dawati la watu wanne, na funza. Nilifikiria rafiki zangu wa bweni na maktaba yetu ndogo yenye zulia. Jioni mama aliipiga pasi ile sweta akaitundika mlangoni mwangu. Sikumwambia aitoe.

Jumatatu asubuhi niliivaa. Baba alinikuta jikoni nimeshavaa, sanduku la bati limefungwa. Hakunilaumu, hakushangaa. Alilitwaa sanduku akalipachika begani. Tulipokuwa tunateremka kwenda barabarani tulikutana na jirani yangu akipanda na tita la kwanza la mwaka, limempinda mgongo. Njia ni nyembamba pale. Alisogea kwenye majani akatupisha, akamwamkia baba, akaiona sweta yangu.

"Enda usome vizuri," akaniambia.

Alisema kwa roho safi. Hilo ndilo nimeshindwa kulimeza miaka yote.

Baba hakuuza ng'ombe. Likizo za Aprili na Agosti nilimfundisha kidogo, lakini Agosti darasa la nane lilibaki shuleni, nami nilikuwa na mitihani yangu. Alifika mahali pa kusoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Mtihani haungoji anayevuka kwa gogo. Kwenye karatasi za kuchagua a, b, c, d alipaka vidoti alivyobahatisha. Kwenye insha, alivyoniambia, aliandika mistari yote ya methali aliyoishika kichwani, moja baada ya nyingine, kwa ule mwandiko wake, kwa kuwa alijua insha lazima iwe na methali. Hakuandika yangu. Aliniambia hivyo akitabasamu, siku moja kabla shangazi yake hajamjia. Mimi nilipita, nikaitwa shule ya wasichana ya kifahari. Baba alichinja mbuzi, na mama yake jirani yangu akaja kusaidia kupika.

Kadiri nilivyokua ndivyo nilivyoziona tiki za baba kila mahali pale kwetu. Kamati ya kiwanda cha kahawa ilikuwa na wanafunzi wake wa zamani. Wakiletewa makubaliano na meneja walitia sahihi nzuri sana, zilizonyooka, na baadaye walishangaa pamoja na sisi wengine. Dada mmoja alimnyunyizia mtoto dawa ya kupe akidhani ni ya chawa, Mungu akasaidia. Vijana wa rika langu walikaa barazani sokoni wakingoja mtu wa kuwasomea gazeti, na wakisomewa uongo waliupigia kura. Watu walisema vijana wa siku hizi ni wajinga. Niliposikia hivyo nilinyamaza, mimi nisiyenyamaza. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nilikuwa naliona.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea kwisha nilikuwa chuo kikuu, na chuo kikafungwa kwa mgomo kama ilivyokuwa kawaida siku zile. Nikarudi nyumbani kukaa bila kujua ni kwa muda gani. Jirani yangu alikuwa amerudi pia. Timau ilikuwa imemrudisha na kifua kibaya, vidole vilivyokakamaa na mtoto wa kike mwenye macho makubwa. Tulipokutana kwenye tundu la ua, ambalo sasa tulipita kwa kuinama sana, tulicheka. Aliniita mtoto wa mwalimu, kama zamani. Aliniambia mtoto wake ameanza darasa la kwanza, ng'ambo. Na mwalimu wa darasa la kwanza sasa alikuwa baba. Alikuwa amekaribia kustaafu, mwalimu mkuu alikuwa amemshusha huko akapumzike.

Hakuwa amekuja kunisalimia tu. Alikuwa amefikiria. Alisema mtoto analeta vitabu nyumbani na vina tiki, kila ukurasa tiki, na yeye anaweza kusoma polepole lakini hajiamini. Hawezi kumuuliza mwalimu, mwalimu ni kama mzazi kwake, amemfundisha yeye mwenyewe. Akanishika mkono kwa vile vidole.

"Kila Ijumaa nitakuletea vitabu vyake. Wewe uniambie kama anajua, au ni tiki tu. Usinifiche. Huyu simpeleki kwa maua."

Nikamwambia ndiyo. Nilisema kwa moyo wote, naapa. Hata nilipanga nitakavyomketisha yule mtoto na kijiti na vumbi, nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyepewa nafasi ya kurudia. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano redio ikatangaza chuo kimefunguliwa, asiyeripoti mwisho wa wiki atakuwa amepoteza nafasi. Nikakusanya vitu. Alhamisi asubuhi nikapita njia ile ya chini, nikaona moshi kwenye paa lao, nikajiambia nitapita kumwona nikirudi Pasaka, sasa nachelewa gari.

Mama ndiye aliyenisimulia, Pasaka, tukichambua maharagwe. Alisimulia kama jambo la kuchekesha. Ijumaa ile jirani alikuja jioni, ameoga, amevaa kitambaa safi, na vitabu vya mtoto vimefungwa ndani ya leso. Akaniulizia. Mama akamwambia nimeshaenda chuo, kwani sikumuaga? Akasema nilimuaga, alikuwa amesahau. Akasimama tu pale uani, hajui aende au akae, mpaka baba akatoka zizini na ndoo ya maziwa akaviona vile vitabu.

Baba akamuuliza ana shida gani. Na yeye, angesema nini? Alimwambia amemletea mwalimu vitabu vya mtoto aviangalie.

Baba alifurahi mno, mama alisema. Hakuna mzazi aliyekuwa amewahi kumfuata nyumbani kwa ajili ya vitabu. Akaketi kwenye kigoda, akatoa ile kalamu nyekundu mfukoni mwa shati, akavifungua kimoja kimoja, na kila mahali alipoona hapana tiki akaweka tiki. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

Naye akavipokea kwa mikono miwili, akasema, asante mwalimu, akapita kwenye lile tundu akaenda.